Baiskeli Iliyotolewa Mara Tatu

Tulimwacha Tahmine kwenye kizingiti cha sebule, sinia la chai mikononi, na watu wanne wanamngoja.

Kwa mliokosa gazeti la Ijumaa iliyopita: huyu Tahmine ni mwalimu wa hesabu kutoka Qazvin, ana miaka ishirini na tisa, hana mume, ana baiskeli. Siku kumi na moja amekanyaga pedali akielekea Bandar Abbas, aiguse bahari, ndipo arudi kwao. Mama yake aliridhia kwa sharti moja. "Siku utakayokwama, unapanda basi unarudi nyumbani, na habari za baiskeli sitaki kuzisikia tena."

Mama amechoka, na ana haki ya kuchoka. Mtoto alianza kufuma zulia, likaishia urefu wa goti. Akaanza Kifaransa, akaishia kuhesabu mpaka ishirini. Safari hii Tahmine ameapa kwamba kitu kimoja maishani mwake atakimaliza.

Alipoingia Yazd, nyumbani kwa mama yake mkubwa, Bi Efat, aliomba siku moja tu ya kupumzika. Afue nguo, apake miguu mafuta, alale.

"Pumzika, mwanangu," alisema Bi Efat. "Utanisaidia tu kupeleka chai. Kuna wageni kidogo wanapita."

Wageni kidogo. Sasa Tahmine amesukuma mlango na nini anaona? Shada la maua mezani. Boksi la vitamu lenye utepe. Baba, mama, na katikati yao kijana wa suti ya kijivu, anatazama zulia kana kwamba ameagizwa alihesabu nyuzi.

Nani asiyejua maana yake? Kijana akija na wazazi, na maua, na vitamu, basi msichana anayeingia na chai ndiye anayeposwa. Hakuna anayetangaza. Chai ndiyo tangazo.

Kurudi nyuma na sinia ni kumwaibisha mama mkubwa mbele za watu. Kusonga mbele ni kuposwa. Tahmine akafikiri upesi, kama mtu aliye kwenye mteremko na breki haishiki. Akasonga mbele.

Lakini mtu aliyekalia tandiko siku kumi na moja hatembei kama mimi na wewe. Mapaja yamechubuka. Tahmine akaenda polepole, hatua ndogondogo, macho chini, meno yameuma mdomo.

"Mtazame," Bi Turan, mama wa kijana, akamnong'oneza mumewe kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Anavyotembea kwa haya. Wasichana wa siku hizi wanapiga hatua kama askari."

Alipofika kwenye kiti hakuweza kukaa sawasawa. Akajibandika ukingoni kabisa.

"Na haegemei," akasema Bi Turan. "Huyu amelelewa."

Mezani palikuwa na sahani ya visambusa vya lozi vilivyonyunyiziwa sukari. Njaa ya baiskeli haina aibu. Tahmine akala kimoja, akala vinne. Bi Efat akamkanyaga mguu chini ya meza. Akala cha saba.

"Hana maringo," akasema Bi Turan, na hapo alikuwa amekwisha kunaswa.

Kijana mwenyewe, Kiumars, fundi wa saa mwenye miaka thelathini na minne, alisema neno moja kwa saa nzima. Alisema "ahsante", na aliliambia bakuli la sukari.

Baba yake, Haji Nosrat, hata hakuwa anamtazama msichana. Alikuwa anachungulia dirishani, uani. Miaka arobaini Haji alikwenda kiwandani kwa baiskeli, kama wanaume wote wa Yazd wa rika lake, mpaka goti moja likatiwa chuma.

"Ile pale ni yako?" akauliza.

"Ndiyo, Haji."

Haji akasimama. Akisimama mkubwa, wote mnasimama. Wakatoka uani, wakaizunguka baiskeli kama watu waliokwenda kumwona mtoto mchanga.

"Gia ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Ishirini na nne," akarudia Haji polepole. "Mimi nilikuwa na moja, na upepo ukawa unanipiga usoni kwenda na kurudi. Nzuri hii. Nzuri kweli."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu, mtu akikisifu kitu chako, unamwambia ni chake. Akisifu saa, ni yake. Akisifu shati, unagusa kifungo kana kwamba unalivua. Yeye anakataa, unamsisitiza, anakataa tena, mnacheka, na kila mmoja anabaki na shati lake. Tumeishi hivyo tangu babu na babu na hakuna aliyerudi nyumbani kifua wazi. Siri yake ni moja tu. Ujue pa kukoma.

"Ni yako, Haji," akasema Tahmine. "Haina hadhi mbele yako."

"Aa, mwanangu. Ikae kwa mwenyewe, uitumie kwa afya."

"Wallahi ni yako."

"Mungu akuzidishie. Ni kama nimeipokea."

Ilikuwa imekwisha. Bi Efat alishageuka kwenda kuongeza chai. Palikuwa pamebaki kucheka tu.

Lakini Tahmine alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hurudi kwenye mafunzo ya utotoni. Mama yake alimfundisha kwamba mkubwa akikataa humwachi, unamsisitiza mpaka akubali. Alimfundishia kwenye chai na wali. Mdomo wa Tahmine haukutofautisha wali na baiskeli.

"Haji, kwa roho ya marehemu baba yangu, usipoichukua nitajua umenidharau."

Bi Efat aliganda mlangoni, birika mkononi.

Haji Nosrat akamtazama mkewe. Mkewe akautazama mkomamanga uliosimama uani. Mzee amewekewa kiapo cha marehemu. Akikataa sasa, amewatukana watu wawili, na mmoja wao hayupo tena wa kuombwa radhi.

"Basi," akasema Haji, sauti imempungua. "Nisikuvunje moyo."

Akaishika usukani kwa mikono miwili. Goti la chuma likalia. Haji hakuitaka baiskeli. Bi Turan hakuitaka. Kiumars naye hakuitaka. Kati ya watu watano waliosimama pale, hakuna hata mmoja aliyetaka baiskeli ile iondoke, na baiskeli ikaondoka. Wakasaidiana kuivusha kizingiti. Wakaombeana dua ndefu, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa msiba aliomletea.

Mlango ulipofungwa, Bi Efat aliweka birika chini.

"Mara mbili, Tahmine. Watu husema mara mbili. Mara ya tatu ni hati."

"Ilinitoka."

"Na baba yako umemtoa kaburini wa nini?"

"Na wewe, mama mkubwa, umenitoa kitandani wa nini? Mimi niliomba usingizi."

"Ningekwambia kuna posa ungeleta chai?"

"Nisingeleta."

"Basi umejijibu." Bi Efat akakaa, akaanza kukusanya makombo ya visambusa kwa kidole. "Miaka ishirini na tisa, na unalala kwenye hema kando ya barabara. Wewe unahesabu vilima. Sisi huku tunahesabu malori. Kila lori linalotajwa redioni kwa ajali nasema ndilo hilo limekugonga."

Hilo lilikuwa kweli. Tahmine naye alikuwa anayahesabu malori.

Simu ikaita. Ni mama yake, kutoka Qazvin.

"Umepumzika leo?"

"Nimepumzika, mama."

"Miguu?"

"Ipo."

"Baiskeli?"

Tahmine akaihamishia simu sikio la pili.

"Iko salama. Iko kwa mzee mmoja mcha Mungu."

"Kwa nini baiskeli yako iko kwa mzee mcha Mungu?"

"Aliipenda. Nikamwambia ni yake."

"Mara ngapi?"

"Mama, si ulinifundisha wewe."

"Mara ngapi, Tahmine?"

"Tatu."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Sikiliza. Kesho jua likichomoza uko Yazd na huna baiskeli, huko ndiko kukwama. Tulikubaliana. Basi la saa moja lina viti." Kisha sauti ikabadilika, ikawa laini, ikawa kama imepakwa asali. "Huyo mzee, ana kijana wa kiume?"

"Mtandao unasumbua, mama," akasema Tahmine, akakata.

Mabinti, msifanye hivi. Kutoa baiskeli lilikuwa kosa dogo. Kumkatia mama simu ndilo kosa lenyewe, kwa sababu mama aliyekatiwa simu hakai kimya. Humpigia dada yake.

Tahmine hakuliwaza hilo. Yeye ni mtu wa hesabu, na alikuwa anapiga hesabu.

"Jioni tunakwenda kwao kuwashukuru," akamwambia mama yake mkubwa. "Nikiiona baiskeli nitaisifu. Haji itambidi aseme ni yangu. Nakataa mara ya kwanza, nakataa ya pili, ya tatu napokea. Kesho alfajiri niko njiani."

"Na akiishia mbili?"

"Hawezi kuishia mbili."

"Watu wazima wote huishia mbili, Tahmine. Mji mzima huu ni wewe tu uliyefika tatu."

Saa kumi wakashika njia, Bi Efat mbele na sahani ya halua, Tahmine nyuma ananyata kandokando ya kuta za udongo. Wanaume wa makamo walimpita kwa baiskeli zao nyeusi, mikate imefungwa kwenye keria, na kila kengele iliyolia ilimchoma kifuani.

Baiskeli ilikuwa uani kwa Haji, chini ya mzabibu. Haji alikuwa ameifuta mpaka inang'aa, hata mnyororo ulikuwa umetiwa mafuta mapya. Yeye mwenyewe alikaa mkabala nayo kwenye kochi la mbao, goti limefungwa kitambaa. Inasemekana aliijaribu mara moja, mpaka kwenye kona ya kichochoro.

Bi Turan alikuwa mlangoni mwa jiko, simu sikioni, anacheka. Aliwapungia mkono wakae, akaingia ndani na mazungumzo yake. Bi Efat akaitazama ile simu, akaitazama halua yake, akakaa.

Tahmine akakohoa.

"Haji, baiskeli imependeza hapo."

Haji akainua kichwa kama mfungwa aliyesikia funguo.

"Ni yako, mwanangu. Mimi goti langu..." Akajizuia. Kutoa sababu si adabu. "Ni yako."

"Hapana, Haji. Kilichotoka kimetoka."

Moja, akahesabu Tahmine moyoni.

"Nasema ni yako. Mimi kuitazama kumenitosha."

"Haiwezekani. Ikae kwako kwa baraka."

Mbili. Jasho likamtoka Tahmine chini ya ushungi. Haji akavuta pumzi. Haji akafungua mdomo.

"Kuleni matango," akasema Bi Turan, akitokea na sinia la matunda.

Mdomo wa Haji ukafungika. Kisu kikashikwa. Matango yakamenywa, yakatiwa chumvi, yakagawiwa. Tahmine akatafuna tango lake akijiuliza kama hesabu inaendelea pale ilipoishia au inaanzia mwanzo. Hakuna kitabu kilichoandika jambo hilo. Akikisifu tena chombo, ataonekana ombaomba. Asipokisifu, basi la saa moja lina viti.

Dakika zikapita. Haji akaanza kuzungumzia bei ya ngano.

Ndipo Kiumars, ambaye tangu asubuhi hakuwa amezungumza na binadamu, akaliambia tango lake: "Baba, kuna kitu ulikuwa unataka kusema."

Tahmine akamtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho mazuri, kwa bahati mbaya.

"Ndiyo," akasema Haji, haraka, kabla sinia jingine halijatokea. "Kwa roho ya marehemu mama yangu, usipoichukua nitajua umenidharau."

Tatu.

"Basi, Haji, nisikuvunje moyo," akasema Tahmine, na kabla hajamaliza kusema alikuwa amesimama, ameruka sahani ya halua, amesahau na mapaja yake, mikono miwili imeshika usukani. Ulikuwa wa baridi kidogo. Ulikuwa wake. Aliiona barabara ya Kerman, akauona upepo wa asubuhi mgongoni, akaiona bahari iko palepale inangoja kuguswa.

"Taratibu, mwanangu," akasema Bi Turan. "Chombo cha watu hakirudi kitupu."

Alikuwa ameingia ndani na kutoka. Mikononi ana furushi la hariri ya maua. Akaliweka kwenye keria, akaanza kulifunga kwa kamba, mafundo ya mtu aliyefunga mafurushi maisha yake yote. Kitambaa kikafunuka upande mmoja. Ndani kulikuwa na kioo chenye fremu ya fedha, kile anachopelekewa mchumba. Kulikuwa na koni ya sukari imeviringwa karatasi ya kijani. Na juu kabisa, kiboksi cha mahameli, ukubwa wake hauzidi ndimu.

Ndani ya kiboksi cha ukubwa huo hakuwekwi visambusa.

"Bi Turan," akasema Tahmine, na sauti yake akaisikia inatoka mbali. "Sisi hatujazungumza."

"Mimi na wewe hatujazungumza," akakubali Bi Turan, akivuta fundo. "Mimi na mama yako tumezungumza dakika arobaini."

Tahmine akageuka. Bi Efat alikuwa anachunguza majani ya mzabibu, jani moja moja, kama mtu wa kilimo.

"Mama yako alinipigia, akataka namba tu," akasema Bi Efat bila kugeuka. "Namba si dhambi."

Tahmine akatoa simu kwa mkono mmoja; wa pili haukuachia usukani. Mama akapokea mlio wa kwanza haujaisha. Nyuma yake palikuwa na ngurumo.

"Mama, umemwambia nini huyu mama?"

"Niliyotakiwa kusema. Alikusifu. Alisema hajaona binti anayetembea kwa haya kama wewe. Sasa mtu akikusifia mwanao unasema nini? Nikasema ni wako, Bi Turan. Ni mjakazi wako."

"Halafu?"

"Akasema hapana, mtoto ni wa mama yake. Nikasema wallahi ni wako."

"Halafu, mama?"

Ngurumo ile ikabadilisha gia.

"Mama. Halafu ukasema nini?"

"Sikutaka nionekane mchoyo," akasema mama yake, kwa sauti ndogo.

Akina mama, tusikilizane hapa. Tunawafundisha watoto wetu kusema karibu. Tunawafundisha chukua, kula, kaa, ni chako. Nani kati yetu amewahi kumfundisha mwanawe kusema basi? Halafu mtoto akijifunga tunauliza kamba kaipata wapi.

"Hiyo ngurumo ni ya nini, mama?"

"Nimeshapanda basi. Nafika alfajiri. Usiondoke kabla hujaniona, na usile sana mbele za watu."

Simu ikakatika, na safari hii mtandao haukusingiziwa.

Tahmine akatazama alivyonavyo. Mlango wa uani uko wazi. Baiskeli iko mkononi, tairi zimejaa. Furushi limefungwa kwenye keria, na mkono wa Bi Turan umetua juu ya tandiko. Akiichukua na vilivyo juu yake, atafika baharini akiwa mchumba wa mtu. Akiiacha, atarudi Qazvin kwa basi, amekaa dirishani pembeni ya mama yake, na kitu kingine ambacho hakukimaliza.

Alitafuta maneno ya adabu. Yalikuwapo mengi, yamepangana ulimini kama gilasi kwenye sinia, na kila moja lilikuwa linampeleka kwenye kiboksi kile. Basi akafanya jambo ambalo kwa miaka ishirini na tisa hajawahi kulifanya. Akasema bila kushukuru, bila kuapa, bila kutabasamu.

"Sitaki kuolewa, Bi Turan. Nataka baiskeli yangu tu."

Kisu cha Haji kikaanguka sahanini. Bi Efat aling'oa jani zima. Kiumars akaacha tango, akainua uso, akamtazama msichana moja kwa moja, na masikio yake yakawa mekundu.

Bi Turan hakukasirika. Alipigapiga tandiko mara mbili kwa kiganja, akamgeukia mumewe na uso wa mtu aliyechagua tikiti sokoni akalikuta tamu mpaka kwenye ganda.

"Umemsikia, Haji? Nilikwambia amelelewa. Hiyo ni hapana ya kwanza."